Nyumba Inayopanda Ngamia

Sogeeni hapa, wapwa zangu. Leo mjomba ananyamaza kidogo. Leo inasema nyumba.

"Hodi! Mimi naitwa ger. Kwetu ni Mongolia, kwenye nyika za majani. Nakaa, kisha nahama."

Kumbe nyumba ina miguu?

"Swali zuri hilo! Miguu sina, ngamia ninaye. Ana nundu mbili, naye hunibeba vipande vipande. Siku hizi napanda hata lori. Kuta zangu ni fito zilizopishana, zimefungwa kwa kamba za ngozi. Zivute, zinatanuka. Zisukume, zinakunjika. Halafu navishwa nguo nzito ya sufu ya kondoo, iliyoloweshwa na kugandamizwa mpaka ikashikana. Saa chache tu, nimesimama!"

Na kwa nini uhame?

"Waulize kondoo. Waulize mbuzi, farasi, ng'ombe na ngamia. Malisho yakiisha, wanataka mengine. Mfugaji anawafuata wao, mimi namfuata mfugaji. Nakaa, kisha nahama."

Mbona wewe ni duara?

"Weka chungu kwenye upepo. Upepo utakishika wapi, nacho hakina pembe? Utakizunguka, upite zake. Nami ni hivyo hivyo. Kwetu baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri! Lakini katikati yangu pana jiko la chuma. Linakula mavi makavu ya ng'ombe."

Mavi! Hayanuki?

"Cheka tu! Ng'ombe anakula nini? Majani. Mavi yakikauka vizuri, ni kuni hizo, na miti kule nyikani ni ya kutafuta."

Sasa sikilizeni hili, ndilo nilipendalo mimi mjomba wenu. Mlango wa ger hutazama kusini, na juu ya paa pana tundu la mviringo. Asubuhi jua huingia tunduni, likaangaza ukuta wa magharibi. Mchana mwanga umehamia kaskazini, mkabala na mlango. Jioni uko mashariki. Mama anautazama, anajua wakati wa kukamua umefika. Saa ya ukutani ya nini?

Mgeni akija, hupewa chai ya maziwa yenye chumvi.

Chumvi, mjomba? Kwenye chai?

Chumvi! Pokea bakuli kwa mkono wa kulia, unywe. Na unapoingia, ruka kizingiti. Ukikikanyaga, bibi mwenye nyumba atakutolea macho.