Kikoba cha Maneno: Mjue Mteja Anaandika Nini Kabla Hujalipia Domeni

Leo tuongee kitu kinachokula hela za wauzaji wengi kimya kimya, nacho ni jina la tovuti ya duka, yaani domeni.

Picha iko hivi. Mtu kauza kwa WhatsApp na Instagram mwaka mzima, kajibana, kaamua kufungua tovuti yake. Usiku anawaza jina, likimpendeza analipia. Anatengenezewa tovuti, anapandisha bidhaa, halafu kimya. Mwaka ukiisha anatakiwa alipie tena jina lilelile ambalo halijamletea hata oda moja. Shida mara nyingi si bidhaa. Shida ni kwamba maneno aliyoweka ni yake yeye, siyo ya mteja.

Chukua mfano wa friji. Muuzaji anaona neno "jokofu" lina heshima, na kweli ni Kiswahili sanifu. Lakini fungua inboksi ya muuza friji yeyote. Nani kaandika "jokofu bei gani"? Watu wanaandika friji, friji la mtumba, friji mlango mmoja, friji dogo la geto. Hali ni hiyohiyo kwa sabufa. Wewe ukiandika "kipaza sauti", mteja wa sabufa atapita kushoto.

ZANA ZA BURE ZINAISHIA WAPI

Zana za kutafiti maneno zipo, na zitumie. Google Trends ni bure. Unachagua nchi, unalinganisha maneno mawili, unaona lipi linatafutwa zaidi. Ila elewa kwamba zile namba za 0 mpaka 100 siyo idadi ya watu. 100 ni kilele cha neno katika kipindi ulichochagua, zingine zinapimwa kulingana na hicho. Na ukiweka maneno yetu madogo madogo kama "friji dogo la geto", mara nyingi inakwambia data haitoshi.

Keyword Planner ya Google nayo ni bure ukiwa na akaunti ya matangazo. Ila kama hulipii matangazo, inakupa makadirio mapana, mfano kati ya 100 na 1,000 kwa mwezi. Sasa 100 na 1,000 ni biashara mbili tofauti kabisa. Zana kubwa za kulipia kama Ahrefs na Semrush, vifurushi vyao vya kawaida vinazidi dola 100 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye mtaji wa laki tano hiyo siyo zana, hiyo ni kodi ya fremu.

Sasa data ya uhakika iko wapi? Iko kwenye simu yako. Kila mteja anayekuandikia "dada una dera la kufungia?" anakupa neno la utafutaji bure. Tatizo ni kwamba inboksi ya mtu mmoja ni ndogo. Wateja wako watano wakitumia neno fulani, inaweza kuwa bahati tu.

TUCHANGE MANENO KAMA TUNAVYOCHANGA HELA

Kikoba tunakijua. Mchezo wa kupeana hela kila wiki tunaujua. Basi fanyeni hivyo hivyo kwa maneno. Wauzaji 12, kila mmoja akileta maneno 5 kwa wiki, kwa wiki nne mna maneno 240 yaliyoandikwa na wateja halisi wenye nia ya kununua. Hiyo zana ni yenu, na hakuna wa kuwadai malipo ya mwezi.

Huhitaji kusomea kompyuta. Fungueni jedwali moja kwenye Google Sheets lenye safu hizi sita:

1. Neno kama mteja alivyoliandika, na makosa yake yote. Akiandika "sabufer", andika "sabufer". Usimsahihishe.
2. Neno mama. Hapa sabufa, sabufer na subufa zote zinaandikwa "sabufa".
3. Mkoa au mji wa mteja.
4. Mwezi.
5. Kauliza tu, au kanunua.
6. Nani kaleta.

Pembeni tumieni fomula ya COUNTIF kwenye ile safu ya neno mama, itawahesabia neno limetokea mara ngapi. Mkiendelea kuzoea mtachuja kwa mkoa na kwa mwezi. Hapo ndipo utaona vitu. Unagundua neno linaloulizwa sana Dar halina wateja Mwanza, au neno lenye maswali mengi halina manunuzi. Neno la maswali 40 bila oda ni kelele. Neno la maswali 10 na oda 6 ni biashara.

Jina na namba ya simu ya mteja visiingie kabisa kwenye jedwali. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Mteja kakupa namba ili apate mzigo wake, hakukupa uigawe kwa watu 12.

PANAPOVUNJIKIA

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo makundi yanapofia. Neno linaweza kutumiwa na wote. Domeni ni ya mmoja tu. Akishasajili mtu, imekwenda.

Kwenye kundi letu mwenzetu alileta neno zuri la bidhaa zake, wiki haijaisha mwingine kalilipia kama domeni, tena hauzi hata bidhaa hiyo. Alitaka kumuuzia mwenzake kwa bei ya juu. Kilichofuata, watu wakaacha kuleta maneno. Kila mtu akaficha la kwake, jedwali likalala wiki nzima. Kilichotuokoa ni kukaa chini na kuandika masharti, kama kikoba chochote:

Moja, anayesoma lazima alete. Wiki mbili bila kuleta neno, unaondolewa ruhusa ya kuona.

Mbili, ukitaka neno liwe domeni yako, unaandika "nimeshika" na tarehe. Una siku 14 za kulipia. Zikipita, linarudi kwa wote.

Tatu, marufuku kusajili jina lililotokana na jedwali ili umuuzie mwanachama. Ukifanya hivyo, unatoka.

Nne, kwenye kapsheni na maelezo ya bidhaa kila mtu anatumia neno lolote. Hapo hakuna wa kushika.

Tano, wasimamizi wawe wawili, wasiwe ndugu, na kila mwisho wa mwezi kopi ya jedwali ihifadhiwe. Google Sheets inaweka historia ya mabadiliko, kwa hiyo aliyefuta anaonekana.

Baada ya hapo imani ikarudi taratibu. Mwenzetu muuza friji alikuwa anataka kulipia jina lenye "jokofu" ndani. Kaangalia jedwali, neno hilo halipo hata mara moja. Akabadilisha kabla hajatoa hela yake.

KUTOKA NENO MPAKA DOMENI

Mkishapata maneno yenye nguvu, usikimbilie kulipia. Pitia haya kwanza.

Liandike neno kwenye Google kwa hali fiche, ili historia yako isikudanganye, uone linakamilishwa vipi. Hayo mapendekezo yanatokana na vitu watu wanavyotafuta kweli.

Litamke kwa mtu kwenye simu. Akikuuliza mara mbili linaandikwaje, achana nalo. Domeni inaruhusu mpaka herufi 63 kabla ya ile nukta ya mwisho, lakini hakuna mteja wa kukumbuka hata nusu yake.

Usiweke jina la kampuni ya watu. Hata kama unauza simu za Samsung, jina hilo siyo lako. Kuna utaratibu wa kimataifa wa migogoro ya majina tangu 1999, na mwenye alama ya biashara anaweza kukunyang'anya.

Uliza bei ya kulipia mwaka wa pili, siyo ya kwanza tu. Wengine wanakuvuta kwa ofa, halafu bei inapanda.

Hakikisha domeni imesajiliwa kwa jina lako na imeili yako, siyo ya fundi aliyekutengenezea tovuti. Fundi akisajili kwa jina lake, siku mkigombana ameondoka na duka lako.

Na usidanganyike kwamba neno likiwa kwenye domeni basi Google itakupandisha. Septemba 2012 Google walitangaza mabadiliko ya kushusha tovuti dhaifu zilizokuwa zinabebwa na jina tu. Domeni inamsaidia binadamu akukumbuke na akuamini. Kazi ya kumleta inafanywa na maneno yaliyomo ndani, kwenye majina ya bidhaa, maelezo na bei. Tovuti ikishasimama, iunganishe na Google Search Console. Ni bure, na inakuonyesha watu walitafuta nini ndipo wakaiona tovuti yako. Hayo maneno nayo yaleteni kikobani.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla hujalala, pitia inboksi yako. Andika maneno matano kama wateja walivyoyaandika. Kesho mtafute muuzaji mwenzako unayemwamini, naye alete matano. Mkifika kumi, kikoba kimeshaanza.