Je, Wajua? Shilingi Ileile, Maisha Mbalimbali

Je, wajua kwamba mjini, maji ya maskini ni ghali kuliko ya tajiri? Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilieleza kuwa wakazi wa mitaa duni ya Nairobi, Jakarta na Manila walilipa mara 5 hadi 10 zaidi kwa kiasi kilekile cha maji kuliko matajiri wa miji hiyohiyo. Mwenye bomba hulipa bei ya mamlaka ya maji. Mwenye dumu la lita 20 humlipa pia mchuuzi, mkokoteni na kila mkono uliopitisha maji yale.

Hesabu hiyo haiishii kwenye maji. Mama anayenunua mafuta ya kupima, sukari robo na mkaa wa kopo kila jioni, mwisho wa mwezi huwa ametoa pesa nyingi kuliko jirani aliyenunua galoni na gunia zima. Msimwambie hajui kupanga bajeti! Anaijua kuliko sisi. Asichokuwa nacho ni pesa ya mkupuo: kibarua kinalipwa kwa siku, na duka analiendea kwa siku.

Je, wajua kwamba mita ya umeme nayo inaweza kumwonea mpangaji? Tanzania ina bei nafuu kwa nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Lakini wapangaji wa vyumba vinne wakichangia mita moja ya LUKU, matumizi yao hujumlishwa, kiwango kinapitwa, na wote wanalipa bei ya juu, hata yule mwenye taa moja na chaja ya simu.

Wajua Ernst Engel? Mtakwimu huyu Mjerumani alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyoishia kwenye chakula. Ndiyo maana unga ukipanda bei, nyumba moja hulalamika tu, na nyingine humwachisha mtoto tuisheni.

Je, wajua kwamba Kenya ilihesabiwa kuwa nchi ya kipato cha kati mwaka 2014 baada ya kukokotoa upya pato lake la taifa, na uchumi ukaonekana mkubwa kwa takriban asilimia 25? Sufuria za watu siku hiyo zilikuwa na kilekile cha jana. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kupima pato la taifa la Marekani, alikuwa ameshaonya tangu 1934 kwamba kipimo hicho hakitoshi kueleza ustawi wa watu.

Wajua sakafu inaweza kufanya kazi ya dawa? Katika jimbo la Coahuila, Mexico, serikali ilianza mwaka 2000 kumwaga saruji kwenye nyumba za sakafu ya udongo. Watafiti walikuta kwamba pale udongo ulipofunikwa wote, maambukizi ya minyoo kwa watoto yalipungua kwa asilimia 78. Kuhara na upungufu wa damu vilishuka pia, na akina mama wakawa na msongo mdogo wa mawazo. Kipato cha familia hakikuguswa.

Wajua pia kwamba Costa Rica, yenye kipato kidogo mno kwa kila mtu kuliko Marekani, watu wake huishi umri mrefu sawa na Wamarekani au kuwazidi? Tangu miaka ya 1990 timu za afya za mitaa hupita nyumba hadi nyumba, hupima presha na kuchanja watoto.

Na M-Pesa, iliyoanza Machi 2007? Wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kuwa huduma za pesa kwa simu ziliziondoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini uliokithiri. Waliofaidi zaidi ni kaya zinazoongozwa na wanawake: wengi wao waliacha kutegemea shamba peke yake, wakafungua biashara zao.