Afya ya Wanaotuhudumia (2): Mgongo wa Muuguzi

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia majeraha ya sindano, hatari ambayo kila mtumishi wa afya anaijua. Leo tunageukia hatari inayozoeleka mno hata ikaonekana si hatari: maumivu ya mgongo yatokanayo na kazi.

Twende wodini. Mgonjwa wa kiharusi ameteleza hadi mwisho wa kitanda na hawezi kujivuta. Wauguzi wawili wanasimama huku na huku, wanakunja shuka alilolalia mpaka karibu na mwili wake, wanahesabu hadi tatu, kisha wanamvuta juu. Kitanda hakipandi wala hakishuki, kwa hiyo wote wameinama. Na kwa kuwa wanavuta kuelekea kichwani, viuno vyao vimejipinda. Ni kazi ya sekunde chache. Lakini mgonjwa huyo anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda, na wodi ina wengine kama yeye.

Mtu akiinama hivyo, mzigo mkubwa huangukia pingili tano za kiunoni na diski zinazozitenganisha, hasa mbili za chini kabisa. Misuli inayotunyoosha ipo takriban sentimita 5 tu nyuma ya diski hizo. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele, misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu ya takriban mara 10 ya uzito wake. Ndiyo sababu ndoo iliyoshikwa mbali na mwili huelemea kuliko iliyokumbatiwa. Katika miaka ya 1960, daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za watu hai. Aligundua kuwa hupungua mtu akilala na hupanda sana akiinama na mzigo mkononi.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huweka kikomo cha kilo 23 kwa mzigo unaonyanyuliwa katika hali nzuri kabisa. Mwaka 2007 mtaalamu wake, Thomas Waters, alipendekeza kilo 16 hivi kwa anayemwinua mgonjwa, kwani binadamu hana vishikio na anaweza kushtuka au kulegea ghafla. Gawanya mgonjwa wa kilo 70 kwa wauguzi wawili, utaona wamekwisha kuvuka kikomo hicho mbali.

Hata hivyo, anayeumia huambiwa hakukunja magoti. Kukunja magoti kunafaa, lakini uchambuzi wa tafiti wa shirika la Cochrane haukupata ushahidi kwamba mafunzo ya kunyanyua, yakiwa peke yake, huzuia maumivu ya mgongo. Kinachotakiwa ni kupunguza mzigo wenyewe: vitanda vinavyopandishwa na kushushwa, mashuka yanayoteleza, ubao wa kumhamishia mgonjwa kwenye machela, winchi ya kumwinulia, na watu wa kutosha kwenye zamu. Mkunga naye anahitaji kitanda cha kujifungulia kinachomwezesha kufanya kazi bila kuinama muda wote.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inawahusu wanaoumia au kuugua kutokana na kazi. Kwa hiyo muuguzi akiumia mgongo, taarifa iandikwe siku hiyohiyo. Asilale kitandani kwa wiki nzima. Kujongea taratibu humsaidia zaidi. Lakini akifa ganzi sehemu za siri, akishindwa kuzuia mkojo au miguu ikilegea, hiyo ni dharura.

Hospitali inayonunua vitanda vipya iwaulize kwanza wauguzi na wakunga, maana migongo yao ndiyo inayolipia kitanda kibaya.

Sehemu ya tatu itahusu zamu za usiku na usingizi wa mtumishi wa afya.