Pale Kiingereza Kinapodai "Your" na Kichina Kikanyamaza

Kiingereza kina maneno mawili tu ya kuonyesha kwamba kitu ni cha yule anayesemeshwa: "your", linalotangulia nomino, na "yours", linalosimama peke yake. Mwanafunzi anayezungumza Kichina huyakariri kwa siku moja, kisha huendelea kuyakosea kwa miaka. Maneno yenyewe ni mepesi kutamka na kuandika. Ugumu uko katika kujua ni wapi Kiingereza kinayadai huku Kichina kikiwa hakisemi lolote.

Kichina sanifu huonyesha umilikaji kwa kijineno "de" kinachofuata kiwakilishi. "Nǐ" ni wewe, na "nǐ de" ni -ako. "Nǐmen" ni ninyi, na "nǐmen de" ni -enu. Umbo hilo halibadiliki, nomino ifuate au isifuate: "nǐ de shū" ni kitabu chako, na "zhè běn shū shì nǐ de" ni kitabu hiki ni chako. Kiswahili nacho hutumia neno lilelile katika sentensi zote mbili. Kiingereza hakikubali, hutaka "your book" lakini "this book is yours". Ndiyo maana anayeanza kujifunza husema "this book is your". Kosa hili halidumu, kwa kuwa kanuni yake haina mwanya: nomino ikifuata, tumia "your", isipofuata, tumia "yours". La kuangaliwa ni kwamba "yours" haiandikwi kwa ritifaa kabla ya "s", ingawa majina ya watu huwekewa alama hiyo.

Kosa linalodumu zaidi huanzia kwenye jamaa. Wachina wanapotaja ndugu na wazazi huiacha "de" bila wasiwasi: mama yako ni "nǐ māma", baba yako ni "nǐ bàba". Ukaribu wa watu hufupisha maneno, kama Mswahili anavyosema mamako na babako. Mwanafunzi akiuhamisha mtindo huo hupata "you mother", na kwa kuwa "your" ya Waingereza wengi haisikiki "r" mwishoni, sikio halimsaidii kugundua kilichopungua. Afadhali azoezwe kwa kuandika, maana katika maandishi pengo huonekana.

Lakini kiini cha taabu yote ni viungo vya mwili, mavazi na vitu ambavyo mtu hutembea navyo. Mchina humwambia mwanawe "xǐ shǒu", yaani nawa mikono, au "tuō xié", vua viatu. Hataji mwenye mikono, kwa sababu hakuna anayeweza kudhani ni ya jirani. Kiswahili nacho huishia hapo. Kiingereza husema "wash your hands" na "take off your shoes", na ukiliondoa "your" sentensi inachechemea. Ndivyo ilivyo pia kwa swali la kawaida kama "did you bring your phone?", ambalo Mchina huliuliza kwa kutaja simu tupu. Neno hili basi halitangazi umiliki tu. Nomino ya Kiingereza inayohesabika, ikiwa katika umoja, karibu kila mara huhitaji neno la kuitambulisha mbele yake, na kitu kikiwa cha msikilizaji, "your" ndiyo hushika nafasi hiyo. Mwanafunzi akisema "the phone", msikilizaji atajiuliza ni simu ipi. Mwalimu anayefundisha "your" kama neno la mali peke yake anamnyima mwanafunzi nusu ya somo. Hata hivyo, mwenye kiungo akiwa ameshatajwa kama mtendwa, Kiingereza hugeuka na kupendelea "the": mpira uliokugonga kichwani "hit you on the head".

Kwa kuwa nafasi hiyo ya utambulisho ni moja, "your" haikai pamoja na neno lingine la kuonyesha. Kichina huruhusu "nǐ nà běn shū", kama Kiswahili kinavyoruhusu kitabu chako kile. "Your that book" haisemwi; husemwa "that book of yours". Rafiki yako mmoja naye huwa "a friend of yours".

Upande wa heshima, Kichina kina utajiri ambao Kiingereza kimeupoteza. "Nín de" humpa hadhi mkubwa au mgeni, hasa miongoni mwa watu wa Beijing na kaskazini. Mtu huulizwa jina la ukoo kwa "nín guì xìng?", ambapo "guì" hulitukuza jina lake, na kampuni ya mshirika wa biashara huitwa "guì gōngsī". Zamani Kiingereza nacho kilitofautisha: "thy" na "thine" kwa mtu mmoja, "your" kwa wengi, kisha "your" ikawa ya heshima hata kwa mmoja, hadi ikaimeza ile nyingine katika mazungumzo ya kawaida. Leo rais na mtoto hupewa "your" ileile. Adabu imehamia kwenye muundo wa ombi, kama katika "may I have your name, please?" Vyeo kama "Your Excellency" na "Your Honour" vimebaki kwa mabalozi na mahakimu, wala havifai kwa mteja. Mwanafunzi Mchina anayeikwepa "your" kwa kumwambia mwalimu wake "is this teacher's book?" anadhani amemheshimu, kwa kuwa kwao cheo huchukua nafasi ya "wewe". Mwingereza atadhani anaulizwa kuhusu mwalimu mwingine.

Wingi nao haumo ndani ya "your". Kiingereza huuonyesha kwenye nomino: darasa zima huambiwa "open your books", ingawa kila mmoja ana kitabu kimoja. Nomino ya Kichina kwa kawaida haina alama ya wingi, hivyo alama hiyo ndogo ya "s" inastahili mazoezi ya pekee.

Kuna pia "zìjǐ de", yaani -a mwenyewe, inayomfaa mtendaji wa nafsi yoyote. Kiingereza hutaka nafsi itajwe: "your own room", au "a room of your own".

Katika barua, "yours" hutokea pasipo mali yoyote. Barua rasmi ya Kichina humalizika kwa "cǐzhì jìnglǐ", salamu ya heshima isiyotaja mwenye kitu. Kwa desturi ya Uingereza, barua iliyoanza kwa jina la mpokeaji hufungwa kwa "Yours sincerely", na iliyoanza kwa "Dear Sir or Madam" kwa "Yours faithfully". Marekani hupenda zaidi "Sincerely yours", au "Sincerely" peke yake.