Kumhoji Shahidi wa Kompyuta

Kila programu inayotumika katika kompyuta, iwe ni ya kuandikia barua, ya kutunzia daftari la wagonjwa au ya kufanyia hesabu za duka, haina mamlaka ya kugusa kitu chochote kilicho nje yake. Ikihitaji kufungua faili, kusoma habari za mtandaoni au kuongezewa nafasi katika kumbukumbu, haina budi kuiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ambayo ndiyo iliyokabidhiwa vifaa vyote. Maombi hayo huitwa miito ya mfumo, na katika Linux aina zake zimepita 300. Jicho la binadamu haliyaoni, maana huweza kupita kwa maelfu ndani ya sekunde moja. Na kwa sababu hiyo vikabuniwa vyombo vya kufuatilia, vyenye kuisimamisha programu katika kila mwito, vikaandika imeomba nini na imejibiwa nini.

Kimojawapo kilicho mashuhuri ni strace, ambacho Paul Kranenburg alikiandika mwaka 1991 kwa ajili ya mfumo endeshi wa SunOS, kisha kikahamishiwa Linux, na hata leo kinatunzwa kwa utaratibu wa programu huria, yaani msimbo wake u wazi kwa kila mwenye nia ya kuusoma na kuusahihisha. Fundi wa Shari, mojawapo ya komini tatu za mji wa Bunia, akiletewa mashine ambayo programu yake inakataa kufunguka pasina kutoa sababu, chombo hiki chaweza kumwonyesha mstari uleule ambapo faili fulani ilitafutwa isipatikane. Chombo hiki basi ni shahidi, na fundi hukata shauri kwa neno lake. Kwa hiyo kosa la shahidi ni zito kuliko kosa la programu ya kawaida, kwani humpoteza mtu aliyekuja kutafuta ukweli.

Na tuutazame mfano mmoja kwa karibu. Mwito uitwao openat, ambao kazi yake ni kufungua faili, hupokea kwanza namba inayotaja saraka ya kuanzia. Na programu ikitaka kuanzia katika saraka iliyomo wakati huo, hupeleka namba maalumu, nayo ni -100. Namba hiyo ina biti 32, lakini katika mashine nyingi za leo huwekwa ndani ya rejista ya prosesa yenye biti 64, na aghalabu nusu ya juu ya rejista hujazwa sifuri. Kerneli huisoma nusu ya chini peke yake, ikafahamu kuwa ni -100. Walakini chombo kinachosoma rejista nzima kitaona 4294967196, na hiyo ndiyo namba kitakayoiandika. Programu haina ila yoyote, ila ushahidi umeharibika, na fundi atakesha akitafuta kosa mahali pasipo na kosa.

Dawa yake ni kiraka, yaani sahihisho la msimbo, cha mstari mmoja: namba ikatwe ibaki biti 32 kabla ya kuandikwa. Mwenye haraka atakiona kiraka hicho, akiri kuwa mantiki yake ni sahihi, akakipokea. Mhakiki mwenye insafu huuliza kwanza mstari huo umetiwa wapi. Ukiwa umetiwa mahali panaposhughulikia namba ya saraka tu, ni sawa. Ukiwa umetiwa katika kipande cha msimbo kinachoandika namba za miito yote, basi programu itakaporuka hadi baiti ya 5000000000 ya faili kubwa, shahidi ataandika 705032704, maana biti za juu, ambazo safari hii zilikuwa na maana, zimekatwa pamoja na takataka. Uongo mmoja umeondolewa na mwingine umezaliwa, tena mbaya zaidi, kwa kuwa namba hiyo ya pili inafanana na kweli.

Kisha huuliza kama miito ndugu ya openat, kama vile mkdirat na unlinkat, ina kasoro hiyohiyo. Kama maelezo ya kiraka yametaja chanzo cha hitilafu na si dalili yake tu. Na kama kumeletwa jaribio litakaloshindwa bila kiraka na kufaulu pamoja nacho, maana jaribio linalofaulu katika hali zote mbili halithibitishi jambo lolote.

Hata majaribio yenyewe yanahitaji kuhakikiwa. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliutangazia ulimwengu kuwa matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu huria ya kubana mafaili, yametiwa mlango wa siri. Msimbo huo mwovu ulifichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio, ukaletwa na mtu aliyejipatia uaminifu kwa kuchangia viraka kwa takriban miaka miwili. Freund aliutambua kwa kuona kuwa kuingia katika mashine kwa njia ya SSH kunachelewa kwa nusu sekunde hivi, akautafuta muda huo unakopotelea, na miongoni mwa vyombo alivyovitumia kilikuwamo cha kupima mwenendo wa programu. Kama chombo hicho kingalikuwa na kiraka kibovu kilichopokelewa bila kusomwa, huenda nusu sekunde ile isingalikuwa na wa kuitolea ushahidi.

Kazi hii ya kuhakiki viraka haihitaji utajiri wa mega za intaneti. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mtu nakala kamili ya msimbo pamoja na historia yake, na kiraka aghalabu ni maandishi ya kilobaiti chache. Kwa hiyo mwanafunzi wa Shari anaweza kupakua mara moja, akasoma na kujaribu bila intaneti, kisha akapeleka hoja zake siku atakayopata mtandao. Hoja ya haki haiulizwi imetoka mji gani, bali huulizwa kama namba zake zinasimama. Vijana wetu wanaosoma informatika wamezoea kuambiwa waandike programu mpya, na hilo ni jema. Lakini wafundishwe pia kukisoma kiraka cha mwingine mstari kwa mstari, kwani jamii inayotegemea mashine isizoweza kuzihoji imekabidhi mambo yake kwa shahidi isiyemjua.