Je, Wajua? Gari Unaloliacha Nyumbani

Je, wajua kwamba lita moja ya petroli ikiungua ndani ya injini huzaa takriban lita moja ya maji? Haidrojeni ya mafuta hukutana na oksijeni ya hewani, na kinachotoka ni mvuke. Gari likiwa safarini, injini na bomba la moshi hupata moto wa kutosha, mvuke wote ukatoka. Likiwashwa dakika tano kisha likazimwa, sehemu ya mvuke huo hugeuka maji humo humo, mengine kwenye bomba, mengine kwenye oili. Kwa hiyo yule mpwa aliyeachiwa ufunguo na maagizo ya "uwe unaliwasha kila Jumamosi" analiozesha gari la mjomba kwa utiifu mkubwa. Ama aliendeshe barabarani kwa nusu saa hivi, ama asiliguse kabisa.

Je, wajua kwamba oili hubadilishwa kabla ya safari, si baada ya kurudi? Oili iliyotumika imebeba asidi na unyevu. Ukiiacha, vyuma vya injini vitaogelea humo miezi yote utakayokuwa Muscat au Toronto.

Je, wajua kwamba gari lililozimwa halijalala? King'ora, saa, kompyuta na kile kisikilizi cha rimoti huendelea kula betri, mara nyingi kati ya miliampea 20 na 50. Fanya hesabu: miliampea 50 kwa saa 24 kwa siku 30 ni ampea-saa 36. Betri ya gari dogo ina kama 45 tu, tena ikiwa mpya. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikishuka na kuachwa hivyo, salfeti ya risasi hugandamana kwenye sahani zake mpaka chaja haifui dafu. Joto huharakisha mambo, hivyo betri ya Tanga hufa mapema kuliko ya Njombe. Na teknolojia yenyewe ni ya kizee: risasi ndani ya asidi, kama alivyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859.

Dawa ni kuichomoa. Lakini je, wajua upande gani hufunguliwa kwanza? Hasi. Bodi zima la gari limeungwa na upande huo, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche zitakazokufundisha fizikia. Wakati wa kurudisha, hasi huja mwisho. Jambo moja tu: redio nyingi za magari yaliyotoka Japani hujifunga betri ikichomolewa, zikadai namba ya siri kwa Kijapani. Uliza kabla, maana mafundi wa kuzifungua wanajua bei ya shida yako.

Je, wajua tairi lako lilizaliwa lini? Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha soma tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi huzeeka hata bila kutembea, na likibeba uzito mahali pamoja kwa miezi hupata ubapa unaotikisa usukani. Ongeza upepo kidogo kabla ya kuondoka, bila kupita kiwango kilichoandikwa kwenye tairi, au mwambie fundi aliweke gari juu ya stendi. Majirani watasema umefulia. Waache waseme.

Je, wajua kwamba petroli huchacha? Kwenye tangi la gari, miezi mitatu hadi sita inatosha kuanza kuiharibu: sehemu nyepesi hupaa, iliyobaki huungana na oksijeni na kuacha utomvu unaoziba nozeli. Tangi lililojaa huacha nafasi ndogo kwa hewa yenye unyevu, basi jaza. Dizeli ina balaa lake. Maji yakijikusanya chini ya tangi, kuna vijidudu na kuvu wanaoishi hapo maji na mafuta yanapokutana, chakula chao kikiwa dizeli yenyewe. Ule uteute mweusi kwenye filta ndio makazi yao.

Kuhusu kuhifadhi gari muda mrefu, hakuna aliyewapita watu wa Tulsa, Oklahoma. Mwaka 1957 walizika gari jipya aina ya Plymouth Belvedere kwenye handaki la zege mbele ya mahakama, lifukuliwe baada ya miaka 50. Waliliwekea na galoni 10 za petroli, wakihofia kwamba mwaka 2007 huenda petroli isiwepo tena duniani. Handaki lilisifiwa kwamba lingehimili hata shambulio la nyuklia. Bomu halikuja, maji yakaja. Walipofungua Juni 2007, mbele ya umati, walikuta kutu yenye umbo la gari.

Je, wajua kwamba turubai la plastiki ni adui? Hufungia unyevu chini yake, na upepo ukivuma husugua vumbi kwenye rangi ya gari. Tumia kifuniko cha kitambaa kinachopumua, juu ya gari lililooshwa, hasa pwani ambako hewa ina chumvi. Usiegeshe chini ya mkungu wala mwembe. Kivuli ni kizuri, ila popo nao wanakipenda, na vinyesi vyao hula rangi.

Breki ya mkono usiivute, kwani viatu vya breki vinaweza kunata kwenye ngoma. Weka gia, au P kwa otomatiki, kisha zuia matairi kwa kabari. Na je, wajua kwamba mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani? Yale ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishaingiwa na maji, kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi 155.

Je, wajua kwamba meno ya mbele ya panya hayaachi kukua? Lazima atafune kitu, na nyaya chini ya boneti ni laini. Honda huuza utepe wa kuzungushia nyaya uliotiwa ukali wa pilipili. Ziba bomba la moshi kwa pamba ya chuma, na funga karatasi ya kukukumbusha kwenye ufunguo. Panya wa maana wapo Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako shirika la APOPO huwafunza kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Wa gereji yako hajasoma.

Je, wajua kwamba Uingereza gari lisilo na bima hupaswa kutangazwa rasmi kuwa haliko barabarani, hata kama limo gereji, la sivyo faini? Tanzania ilifuta ada ya leseni ya kila mwaka mwaka 2017 na kuihamishia kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lililoegeshwa halilimbikizi deni hilo.

Bima ni jambo jingine. Wanaosafiri hupenda kushuka kutoka bima kubwa hadi ndogo, waokoe pesa. Lakini bima ndogo hulipa watu wengine uliowadhuru, na gari lililoegeshwa halimgongi mtu. Linachosubiri ni mwizi, moto, mafuriko na tawi la mti wa jirani, na hayo yote yako upande wa bima kubwa.