Mapanga Yanapogusa: Rekodi Nne za Injini za Jeti

Ndani ya injini ya jeti, mapanga huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, karibu kabisa na ukuta wa ganda lake. Kila pagusanapo pana gharama, na rekodi hizi nne zinaonyesha ukubwa wake.

Feni kubwa kuliko zote
Ni ya GE9X, injini ya Boeing 777X: kipenyo chake ni mita 3.4. Mwaka 2017 injini hiyo ilisukuma kwa nguvu ya ratili 134,300 jaribioni, rekodi ya dunia kwa injini za ndege za abiria. Mapanga yake 16 ni ya nyuzi za kaboni, na ukingo wa mbele umevishwa feleji ili uhimili ndege wanaomezwa na injini.

Nafasi ndogo yenye faida kubwa
Kwenye turbini, ukipunguza nafasi kati ya ncha za mapanga na ganda kwa milimita 0.25 tu, unaokoa takriban asilimia 1 ya mafuta. Ndiyo maana wahandisi huibana nafasi hiyo. Kwenye kompresa, sehemu inayoshindilia hewa, ukuta hupakwa utando laini unaokubali kukwanguliwa: ulike utando, panga lisalimike.

Sekunde chache zilizogharimu mamilioni
Tarehe 23 Juni 2014, injini ya ndege ya kivita F-35 ilipasuka na kuwaka moto ndege ikianza kuruka huko Eglin, Florida. Rubani alinusurika. Wiki tatu kabla ya hapo, katika sekunde chache za mizunguko mikali angani, mapanga yalikuwa yamesugua ukuta kupita kiasi. Joto likafika takriban nyuzi 1,040 za Selsiasi, titani ikapata nyufa ndogo, nazo zikakua kimyakimya. Hasara ilizidi dola milioni 50. Dawa yake? Kuchimba mfereji mapema kwenye utando, mapanga yapate pa kupita.

Panga lililotumika hadi likakatika
Aprili 2018, panga la feni ya injini ya ndege ya shirika la Southwest, safari namba 1380, lilikatika shinani, pale linaposhikana na diski, baada ya safari zaidi ya 32,000. Abiria mmoja alifariki. Ufa uliolikata ulitokana na uchovu wa metali.

Siku tatu baadaye, mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru mapanga ya aina hiyo yaliyotumika sana yapimwe kwa mawimbi ya sauti, kwa kuwa ufa wa namna hii unaweza kujificha machoni pa fundi.